Banda la Siku Tano

Ambaye hakuwahi kusikia somo hili redioni, na asome hapa polepole. Hakuna anayemkimbiza.

Katika somo lililopita tulisema habari za Kilwa Kisiwani, juu ya msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa, majengo ya mawe ambayo magofu yake yapo hata leo. Baada ya somo hilo nilipata barua ya mwanafunzi mmoja. Alisema kwamba ni barua ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kazi yake ni kujenga mabanda ya miti na kamba, naye aliirithi kwa baba yake. Aliuliza hivi: "Mabanda yetu hayadumu miaka kumi. Je, sisi wajenzi wa miti hatuna historia?"

Swali hili nimelifikiri siku nyingi. Ningeweza kumjibu kwa neno moja, kwamba mnayo, lakini jibu la neno moja si somo. Basi leo nawachukueni mbali, mpaka nchi ya Bengal, upande wa mashariki wa India, tukatazame jengo ambalo aghalabu halimalizi hata miezi michache.

Mji mkubwa wa Bengal ya Magharibi ni Kolkata. Zamani uliitwa Calcutta, na jina likabadilishwa rasmi mwaka 2001. Umejengwa kando ya mto Hooghly, ambao ni mkono mmoja wa mto Ganges. Kila mwaka, mwezi wa Septemba au Oktoba, mvua kubwa zikiwa zinaelekea kwisha, Wahindu wa huko hufanya sikukuu ya Durga, mungu wao wa kike. Sanamu zake hufinyangwa kwa udongo juu ya kiunzi cha mianzi na majani makavu. Mtaa mashuhuri kwa kazi hiyo ni Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi. Siku zenyewe za sikukuu ni tano. Siku ya mwisho sanamu huchukuliwa mtoni na kuzamishwa, na udongo hurudi majini ulikotoka.

Kwa siku hizo tano sanamu lazima ikae mahali penye paa. Kwa hiyo hujengwa banda uwanjani, au njiani, au hata katika kichochoro baina ya nyumba mbili. Wabengali huliita pandali. Lakini msidhani ni kibanda cha kuuzia ndizi! Mengine ni marefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Yana minara, kuba, nguzo na milango ya matao, hata mtu aliye mbali hudhani ameona hekalu la mawe au jumba la mfalme. Akikaribia na kugusa ukuta, kidole chazama: ni kitambaa. Akichungulia nyuma ya kitambaa, aona msitu wa mianzi, mamia kwa mamia, imefungwa kwa kamba.

Huenda mmoja wenu atasema, "Mbona Wahindi wa mtaani kwetu hawajengi hivyo?" Wahindi wengi wa pwani yetu asili yao ni Gujarat na Kachchh, upande wa magharibi wa India. Kutoka Kachchh hata Kolkata ni karibu kilomita 2,000. Desturi hazilingani, kama vile desturi za Lamu hazilingani na za Bukoba.

Sasa tuangalie jambo hili lilianzaje. Kufunika watu kwa nguzo na nguo ni kazi ya zamani sana India. Mfalme Akbar wa dola ya Wamogholi, aliyetawala tangu 1556 hata 1605, alisafiri pamoja na mji mzima wa mahema. Abul Fazl, aliyekuwa mtu wake wa karibu, aliandika katika kitabu chake hesabu ya kambi hiyo. Kuihamisha kulihitaji ndovu 100, ngamia 500, magari ya kukokotwa 400 na wapagazi 100. Watu wa kutandaza na kusimamisha mahema walikuwa 1,000. Hema kubwa la baraza liliweza kukusanya watu zaidi ya 10,000, na watu 1,000 walitumia juma zima kulisimamisha. Mwandishi alikuwa hodari wa hesabu. Katika hesabu yake ndovu ana namba yake, na fundi ana namba yake. Jina la fundi hamna.

Mahema hayo yalikuwa ya mfalme. Sikukuu za Bengal nazo, kwa muda mrefu, zilikuwa za matajiri. Wenye mashamba makubwa na wafanyabiashara walijenga ukumbi wa matofali ndani ya nyua zao. Aliyealikwa aliingia. Asiyealikwa alisikia ngoma kutoka nje.

Halafu mambo yakaanza kubadilika. Gazeti moja la Kiingereza lililopigwa chapa Bengal lilisimulia mwaka 1820 kwamba miaka 30 nyuma, yaani kama mwaka 1790, huko Guptipara, kundi la Wabrahmini lilichagua watu 12 wawe halmashauri. Watu hao waliomba michango katika vijiji vya jirani, wakafanya sikukuu kwa fedha hiyo. Kwa Kibengali "baro" ni kumi na mbili, na "yar" ni neno la Kiajemi, maana yake rafiki. Kwa hiyo sikukuu za michango zikaitwa barowari, yaani za marafiki kumi na wawili. Ni sawa na harambee tunayoijua sisi.

Katika mji wa Calcutta wenyewe, sikukuu ya namna hiyo itajwayo kuwa ya kwanza ni ya mwaka 1910, mtaa wa Bhowanipore. Miaka iliyofuata likaja neno jingine, sarbojanin, maana yake "ya watu wote". Ilikuwa siku za kudai uhuru. Viongozi wa siasa, kama Subhas Chandra Bose, waliingia katika halmashauri za sikukuu hizo. Sishangai. Mahali watu wanapokusanyika bila kuulizwa barua ya mwaliko, siasa hupata masikio.

Sasa fikirini jambo moja. Sikukuu ikitoka katika ua wa tajiri, itakaa wapi? Watu wa mtaa hawana ukumbi wa matofali. Uwanja si mali yao, na njia ni ya magari, lazima irudishwe baada ya siku chache. Walihitaji jengo kubwa lenye kupendeza, lisilo ghali, la kusimamishwa haraka, na la kuondolewa bila kuacha alama. Ndipo alipohitajiwa fundi wa mianzi. Katika vitabu tunasoma habari za marafiki kumi na wawili na michango yao. Lakini mchango haufuniki kichwa cha mtu. Bila mikono ya fundi, sikukuu ya watu wote ingekaa juani.

Basi tumtazame fundi huyu kazini. Wengi wa mafundi hawa ni watu wa vijijini, nao huja mjini miezi miwili mitatu kabla ya sikukuu.

Kwanza huchagua mianzi. Mwanzi si mti. Ni jamaa ya majani, kama muwa na mahindi. Ndani ni mtupu, na kila baada ya pingili pana fundo lenye kuziba. Kwa sababu ya utupu huo ni mwepesi, na kwa sababu ya mafundo hayo haubonyei upesi. Lakini lazima ukomae. Mwanzi wa mwaka mmoja ni mrefu kama mkubwa wake, ila ni mlaini. Hukatwa ukiwa na miaka mitatu au minne. Tena ndani yake mna wanga mtamu unaopendwa na wadudu, kwa hiyo wenyeji wa Bengal tangu zamani huuzamisha katika bwawa kwa majuma kadhaa, wanga utoke, kisha huuanika kivulini.

Pili ni kamba, na hapa ndipo penye siri ya kazi. Mtu asiyejua atachukua nyundo na msumari. Mimi nilikuwa mmoja wao. Siku moja nilitaka kusimamisha mlingoti wa waya wa redio nyumbani kwangu. Nilipata mwanzi mzuri, nikapigilia msumari wa nchi nne. Mwanzi ukapasuka toka juu hata chini, kwa sauti kama ya bunduki. Mzee mmoja jirani alikuwa akinitazama kimya toka barazani kwake. Akaja na kipande cha kamba ya makumbi, akafunga mwanzi mwingine mahali pale pale kwa muda wa kuvuta pumzi kumi, akaniambia, "Mwanangu, mwanzi haudungwi, mwanzi hufungwa." Diploma yangu ilikuwa ndani ya sanduku, haikunisaidia kitu.

Sababu yake ni hii. Nyuzi za mwanzi zimelala zote upande mmoja, toka shina hata ncha. Msumari ukiingia huzitenganisha, na hakuna nyuzi za kukingama ambazo zingezuia ufa. Kamba yaukumbatia mwanzi toka nje, haiuumizi. Mafundi wa Bengal hutumia kamba za makumbi ya nazi na za juti, ule mmea unaotoa nyuzi za magunia. Miti miwili ikikutana, fundi huzungusha kamba mara kadhaa kwa kupishanisha, kisha huipitisha katikati ya miti yenyewe na kuikaza, ndipo hufunga fundo. Hufanya hayo akiwa juu, miguu mitupu, ameukumbatia mwanzi kwa mapaja, na kamba nyingine zimening'inia kiunoni.

Tatu ni kiunzi. Nguzo huchimbiwa ardhini. Miti ya kulala hufungwa juu yake, safu juu ya safu. Kama ingekuwa hivyo tu, banda lingelala upande siku ya kwanza. Kwa hiyo fundi hufunga miti ya mshazari, toka pembe hata pembe. Mkitaka kujua kwa nini, chukueni vijiti vinne, mvifunge viwe mraba, kisha msukume pembe moja. Mraba walala. Fungeni kijiti cha tano toka pembe hata pembe, msukume tena. Haulali, maana sasa mmepata pembetatu mbili, na pembetatu haibadiliki umbo mpaka kijiti kivunjike au fundo lilegee. Mafundi wengi wanaoifanya kazi hiyo hawakujifunza hesabu za pembetatu darasani. Waliijua pembetatu kwa mabega yao.

Nne ni kitambaa. Mafundi hupasua mianzi wapate fito nyembamba, huzipinda kuwa matao na kuba, kisha hutandaza nguo juu yake. Kazi iliyowapa sifa watu hawa zamani ni marinda. Kitambaa cha pamba hukunjwa mikunjo midogo iliyo sawasawa, kunjo baada ya kunjo, na kushikizwa kwa pini au vimisumari juu ya fito. Mikunjo ikiwa mizuri, taa zikiwashwa usiku, nguo huonekana kama jiwe lililochongwa. Angalieni tena jambo jingine: nguo haikatwi ovyo. Hukunjwa ili ipate umbo, kisha hukunjuliwa na kuwekwa ghalani. Aghalabu mianzi na nguo ni mali ya mtu anayekodisha, naye atavitaka mwakani.

Hapa pana hatari mbili ambazo fundi hazisahau. Moja ni moto, maana nguo, kamba na mianzi mikavu ni kuni tupu. Ya pili ni upepo. Mabaharia mnaonisikiliza mnajua: ukitandaza nguo kubwa juu ya mlingoti umetengeneza tanga, upende usipende. Nayo majira ya sikukuu hukutana na majira ya dhoruba za Ghuba ya Bengal. Tarehe 5 Oktoba 1864 dhoruba ilipiga Calcutta, maji ya bahari yakapanda mtoni, na watu makumi ya maelfu wakafa. Dhoruba ya namna hiyo banda haliiwezi. Kwa upepo wa kila siku, kamba inafaa kuliko msumari, kwa maana kiungo cha kamba huachia kidogo na kurudi, na mwanzi hupinda na kurudi. Jengo lapumua.

Sikukuu ikiisha, mafundi hurudi. Watazamaji hawapo tena. Nguo huteremshwa, mafundo hufunguliwa moja moja, mianzi mizima hupangwa upande huu na iliyopasuka upande ule, mashimo hufukiwa. Hata fundo lenyewe lilifungwa na mtu aliyekumbuka kwamba litafunguliwa. Baada ya siku chache magari yapita palepale.

Ndugu wanafunzi, hapa nataka tusimame kidogo, maana hapa ndipo lilipo jibu la barua ile. Mnaikumbuka mitepe, majahazi ya kale ya pwani yetu? Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe iliacha kuundwa. Mafundi wakafa mmoja mmoja. Mwaka 2003 watu walipotaka kuunda mtepe mmoja wa maonyesho katika jumba la Beit al-Ajaib, Zanzibar, walilazimika kurudi kwenye picha na vielelezo vidogo vya zamani. Na Husuni Kubwa? Kuta zake zimesimama zaidi ya miaka 600, lakini hakuna mtu Kilwa awezaye kutuambia fundi aliimba nini alipokuwa akichonga tumbawe.

Banda la Bengal ni kinyume. Lenyewe halidumu, na kwa sababu halidumu, kila mwaka lazima lijengwe upya. Na kila likijengwa upya, kijana wa miaka kumi na sita husimama chini akimrushia mjomba wake kamba. Mwaka wa pili hupanda safu ya kwanza. Mwaka wa tatu hufunga mshazari. Kama banda lingedumu miaka mia, kijana huyo angejifunza lini? Mimi nimekuwa nikifundisha kwamba historia ni mambo yaliyoandikwa na mawe yaliyobaki. Naona sasa nilisema nusu tu. Fundo likifungwa leo kama lilivyofungwa na babu, hilo nalo ni ushahidi wa kale, ingawa kamba yenyewe ni mpya toka dukani.

Lakini mnyororo huo waweza kukatika, wala nisiwafiche. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20 mitindo imegeuka. Halmashauri zilianza kushindana kwa mabanda ya ajabu. Moja katika mtaa wa Bosepukur, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilifunikwa kwa vikombe vya udongo vya kunywea chai. Wasanii waliosoma vyuoni huajiriwa kuchora mabanda, na majina yao huandikwa kwenye mabango. Hiyo ni haki yao, sina kinyongo nao. Ila nyuma ya vikombe, kama zamani nyuma ya marinda, pana mianzi na kamba, na aliyeifunga hana bango. Fundi wa marinda naye hupata kazi chache kuliko alizopata babu yake, na mabomba ya chuma yameanza kuingia mahali pa mianzi.

Mwezi wa Oktoba 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Mahakama Kuu ya Calcutta iliamuru watazamaji wasiingie katika mabanda. Mwaka huo mabanda mengi yalikuwa madogo. Kwa mtu ambaye miezi miwili mitatu ya mabanda ndiyo humlipia karo ya watoto, huo haukuwa mwaka wa kusahauliwa. Mwaka uliofuata, Desemba 2021, shirika la UNESCO liliiandika sikukuu ya Durga ya Kolkata katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ni heshima kubwa. Fundi akiwa juu ya mwanzi, sijui kama heshima hiyo imefika kwenye ujira wake. Mtamuuliza mkikutana naye.

Sasa kazi ya juma hili. Wanaosoma darasani na wafanye pamoja.

Kwanza, fanyeni lile jaribio la vijiti vitano, kila kikundi na chake.

Pili, andikeni maana ya maneno haya kwa kuyatumia katika sentensi: pingili, mshazari, kiunzi, marinda, makumbi, ujira.

Tatu, kila mtu achague kazi moja aijuayo kwa mikono yake: kusuka ukili, kuezeka, kufinyanga chungu, kutega dema, kufunga mzigo juu ya baiskeli. Aandike mistari kumi, hatua kwa hatua, ili mtu asiyejua aweze kuifuata. Mstari wa kwanza uwe jina la mtu aliyemfundisha. Msihofu makosa ya herufi, mwalimu atayasahihisha.

Nawe ndugu uliyeniandikia, kazi yako ni zaidi kidogo. Nataka kujua baba yako aliitaje lile fundo la kufungia kombamoyo, na kama lilikuwa la mizunguko mitatu au minne. Barua yako ya pili naingoja. Katika somo lijalo tutarudi pwani, tusome habari za mtepe toka mkuku hata foromali.